Fundi Aliyemwita Baba Yangu "Nau"

Habari za kifo chake zilinifikia kwa simu ya baba, asubuhi ya siku ya soko, nikiwa nyumbani kwangu Mlolongo nikingoja chai ichemke. Baba yangu si mtu wa kupiga simu. Jina lake likitokea kwenye simu yangu, mara nyingi huwa amebonyeza bila kujua, nami hubaki nikisikiliza kuku wakilia na yeye akiwafukuza kwenye mahindi. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga kwa kukusudia. "Fundi wetu ametuacha," alisema. "Presha. Alianguka jana akivaa viatu. Hawakuwahi hospitali." Nilimpa pole. Nikamwuliza kama amekunywa chai, akasema chai haina haja. Kisha akakata. Nilibaki jikoni nimeshika simu, na kilichonichoma si kifo chenyewe. Ni lile neno "wetu", na sauti aliyolisema nayo. Baba yangu alikuwa akilia. Mimi ni mwanawe wa kwanza, na sikuwa nimewahi kumsikia akilia, hata siku tulipomzika mama.

Wasomaji wa safu hii mnanijua. Mtu akifariki, huketi hapa nikamtafutia maneno mazuri, na kama alikuwa na kasoro huzipitia kwa mbali. Leo siwezi, kwa sababu marehemu huyu nilimwonea wivu kwa miaka mingi, na ningewadanganya kama ningeandika kana kwamba wivu huo ulizikwa naye. Haukuzikwa. Niliondoka nao Mwala siku ya mazishi na ninao hapa ninapoandika. Yeye mwenyewe alipenda sana kusifiwa, na labda angefurahi kujua kwamba kuna mtu aliyetamani kuwa mahali pake, ingawa mahali penyewe hapakuwa pale alipodhani watu wanapatamani.

Alikuwa fundi wa redio na spika za magari mjini Machakos. Karakana yake ilikuwa upande wa juu wa soko, kibanda kirefu cha mabati chenye nafasi ya kuingiza magari mawili, na magari mengine yalisubiri nje juani. Alikuwa amesomea umeme chuoni, akafanya kazi Nairobi muda mrefu akifunga spika kubwa kwenye magari ya vijana wenye uwezo, kisha akarudi Machakos akiwa mtu mzima, na hakuna aliyejua vizuri ni kwa nini. Hakuwa mtu wa kujishusha. Alivaa viatu vyeupe kwenye karakana iliyojaa mafuta na vumbi, na manukato yake yalikufikia kabla hujashuka garini. Aliongea kwa sauti ya juu hata na mtu aliyesimama ubavuni mwake, kama anayehutubia mkutano. Wakati mwingine ungemsalimu barabarani akapita bila kukujibu, na siku iliyofuata akakukumbatia kama ndugu. Nilisema moyoni: anaringa. Na kazi zake hazikuisha kwa wakati hata siku moja. Alikuambia gari litakuwa tayari saa nne, ukija saa nne ukalikuta bado halina viti, nyaya zimetapakaa sakafuni, naye anakunywa soda akimsimulia mteja mwingine habari za Nairobi.

Hata hivyo watu walimpenda. Walikasirika, wakaapa hawatarudi, na mwezi uliofuata walirudi wakiwa wamemleta binamu. Wanawake wa soko walimwekea maembe mazuri pembeni. Mzee mmoja wa Kinanie alimletea jogoo kwa sababu tu redio ya gari lake ilikuwa inashika tena vizuri matangazo ya vifo. Mimi natunza wakati, najibu simu za watu, natimiza ninachoahidi, na sijawahi kuletewa jogoo na mtu yeyote. Huo ulikuwa wivu wangu wa kwanza kwake, na ulikuwa mdogo, wa kuchekwa. Ule mkubwa ulianza na pikapu ya baba.

Baba aliendesha malori ya serikali maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, akawa anaiendesha taratibu kati ya nyumbani kwake Mutituni na mji, si kwa biashara yoyote, bali kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bila usukani. Mimi nikamnunulia redio mpya na spika mbili, pamoja na ampu, kile kisanduku kinachoongeza nguvu ya sauti, na vyote nikavifungisha Nairobi. Siku nilipomkabidhi alinishukuru, akawasha, na tulipoingia barabarani tukasikia kitu. Ilikuwa kelele nyembamba kama ya mbu aliyeingia sikioni. Baba akikanyaga mafuta inapanda, akiachia inashuka. Nilirudi kwa wale waliofunga, wakabadilisha redio, kelele ikabaki. Nikanunua kifaa cha kuchuja umeme, ikabaki. Nikabadilisha spika zenyewe, ikabaki. Baba hakulalamika hata mara moja. Aliacha tu kuwasha redio. Nilipopanda naye ile pikapu, zawadi yangu ilikuwa pale mbele yetu imezimwa, na sisi tulikuwa tumenyamaza pamoja nayo.

Mtu mmoja wa kanisani ndiye aliyetuelekeza kwa fundi huyu. Tulifika asubuhi, na nikaanza kumweleza yote niliyokwisha kujaribu. Alinisikiliza kidogo akinitazama mdomoni, kisha akanipita na kumwendea baba aliyekuwa bado ameshika usukani.

"Mzee, ukizima injini uache redio, hiyo kelele iko?"

"Hapana. Redio pekee iko sawa."

"Na ukiwasha injini?"

"Inaanza kidogo. Nikikanyaga mafuta inapanda na mimi."

"Na ukipunguza sauti ya redio mpaka mwisho?"

Baba alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, hata mimi. "Inabaki vile vile," alisema. "Redio inanyamaza, lakini hiyo haipungui."

Fundi akacheka kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi. "Basi redio haina makosa, na spika hazina makosa. Hiyo ni altaneta inalia, ile inachaji betri, na kilio chake kimepata njia ya kuingia kwa ampu. Tutaitafuta hiyo njia. Lakini nitahitaji wewe unisaidie, Nau."

Nau. Kwa wasomaji wasiokijua Kikamba, hilo ni neno ambalo mtu humwita nalo baba yake mzazi. Hakika si kosa kumwita hivyo mzee wa rika la baba yako, na wengi hufanya hivyo kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na sikumbuki mara ya mwisho nilipolitamka. Tangu nilipoanza kazi Nairobi nilikuwa nikimwita "mzee", kama kila mtu.

Alimweleza baba kazi yake. Yeye angeingia nyuma ya kiti kushika nyaya, na baba angekanyaga mafuta kidogo. Kelele ikiwepo, ainue mkono. Ikiisha, aushushe. Nikasema hata mimi naisikia, naweza kusaidia. "Wewe kaa kwa benchi, ndugu yangu," akanijibu bila kugeuka. "Gari ni ya mzee." Nikakaa kwenye benchi. Nyuma ya kiti alikuta ule waya mweusi wa ampu, ambao unatakiwa kushika chuma kitupu cha gari ili umeme urudi vizuri, umefungwa juu ya rangi na kutu. Alisugua mahali pale kwa msasa mpaka pakang'aa, akaufunga upya kwa bolti na kukaza. Mkono wa baba ukashuka nusu. Kisha akafunua zulia la sakafuni, akaona nyaya zinazobeba sauti zimelazwa bega kwa bega na ule waya mnene unaotoka kwenye betri. Akazitoa, akazipitisha upande wa pili wa gari. Mkono wa baba ukashuka kabisa, ukatulia pajani.

"Ni museo," alisema baba. Ni vizuri.

"Imeisha, Nau?"

"Imeisha."

"Sikiliza tena. Usinipe moyo tu."

Baba alifumba macho, akakanyaga mafuta mpaka pikapu ikatetemeka. Nilimwona uso wake ukiwa umekaza, uso wa mtu aliye kazini, ambao sikuwa nimeuona tangu alipostaafu. "Imeisha, mwanangu," akasema. Alimwambia yeye. Nilikwenda dukani kununua soda, na niliporudi nikawakuta wameinamiana kwenye dirisha la pikapu wakizungumza kwa sauti ndogo. Waliponiona wakanyamaza.

Tangu hapo kila siku ya soko baba alikuwa kule. Akiamka anaoga, anavaa kofia yake ya kazini, anashuka mjini na kukaa karakana mpaka jioni. Nilimpigia simu mara nyingi nikasikia nyuma yake spika zikijaribiwa na ile sauti kubwa ya fundi ikicheka. "Niko kazini," baba aliniambia siku moja, kisha akakata. Kazini. Nilipokwenda kumtembelea nyumbani siku kama hiyo nilikuta mlango umefungwa, na jirani akaniambia, bila kuona ubaya wowote, kwamba baba yako ameenda kwa yule kijana wake.

Siku moja niliamua kupita karakana bila kuwaambia. Kulikuwa na gari dogo la matangazo la mhubiri mmoja mwanamke, anayezunguka masoko ya Mwala na Yatta akihubiri kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya paa. Mama huyo alikuwa amekasirika. "Nikianza tu kuwaambia watu watubu, sauti inakatika," alisema. "Nikinyamaza inarudi. Watu wanacheka." Fundi alimwomba afungue sauti mpaka juu ahubiri kama yuko sokoni. Akapima umeme kwenye betri, ulikuwa mzuri. Akapima kwenye ampu wakati mama akipaza sauti, umeme ukaanguka, na ampu ikajizima yenyewe kujilinda. Akafuata waya kati ya hizo sehemu mbili mpaka akaukata na kumwonyesha: mnene kwa nje, plastiki tupu, na ndani nyuzi chache zisizo hata za shaba. "Mama, hii ni kama kunywesha ng'ombe wengi kwa mrija wa soda," akasema, na mama akacheka kwa mara ya kwanza. Akaweka waya mwingine, na mahubiri yakapita bila kukatika.

Lakini hakumruhusu aondoke. Alimwita baba, akamketisha ndani, na mama akasoma maandiko polepole kwenye maikrofoni. Baba alifumba macho. Fundi hakutazama spika wala mita ya umeme. Alisimama nje ya dirisha akiutazama uso wa baba kwa makini kama mtu anayesoma. "Ya kushoto," baba akasema. "Kuna kitu inakwaruza ndani. Akisema maneno yenye 'sa' na 'sha' ndiyo unaisikia." Fundi akapanda juu ya paa, akafungua kipaza sauti cha kushoto na kukuta utando wake umepasuka pembeni. Alishuka akimsifu baba mbele ya watu wote, akimpiga bega, akisema mzee huyu ana masikio ya paka. Baba alitabasamu akatazama chini. Mimi niliona mchezo mtupu. Nilijiambia kwamba fundi stadi wa miaka yote hiyo amekwisha kuisikia ile mikwaruzo mwenyewe, na kwamba anamchezesha mzee ili ajione wa maana. Nilirudi Mlolongo na hasira ambayo sikuweza kumweleza mtu. Uchungu wenyewe ulikuwa kwamba, hata kama ni mchezo, mimi sikuwa nimewahi kuufikiria.

Tulimzika kwao Mwala, mchana, jua likiwa kali na vumbi likitulia juu ya viatu vya kila mtu. Nilimpeleka baba kwa gari langu. Tulipofika, vijana wa mapokezi walimchukua mkono wakampeleka kwenye hema la familia, kiti cha mbele, kando ya mjane. Mimi nikaelekezwa hema la wageni, nikakaa nyuma ya watu wenye miavuli. Nilitazama kisogo cha baba yangu kikiwa katikati ya familia ya watu wengine, na ningesema nilikuwa nikiomboleza, lakini sikuwa.

Mjane aliposimama kuongea hakusoma mahali popote. "Wengi wenu mlikuwa mnasema mume wangu anaringa," alianza. "Mnamsalimia anapita. Hakuwa anaringa. Hakuwa anasikia." Akaeleza kwamba miaka ya kujaribu spika kubwa Nairobi ilikuwa imemharibu masikio. Sauti nyembamba ndizo zilipotea kwanza, halafu sikio la kushoto likafa lote, na ndipo akarudi nyumbani kabla wenzake hawajagundua. "Hakutaka mtu ajue. Nani atapeleka gari kwa fundi wa spika ambaye hasikii? Sauti za juu zilikuwa zimeisha kwake. Watu wawili tu ndio tulijua, mimi na huyu mzee." Akashuka akamshika baba mkono. "Huyu ndiye alikuwa anamsikilizia. Kila siku ya soko. Hakumwambia mtu. Nau, asante." Na mle hemani, mbele ya watu wote, baba yangu alifunika uso kwa kofia yake.

Tulikuwa tumekwisha kulipita bwawa la mchanga lililo njiani na kuanza kupanda kurudi Machakos ndipo nilipoweza kumwuliza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya pikapu. Nilikuwa nimeshusha mkono na bado ananiangalia uso. Fundi anayesikia hawezi kuuliza vile. Ulipoenda kuleta soda nikamwuliza, akaniambia. Akasema, 'Nau, hiyo kelele siisikii hata kidogo. Ukiweza kuja siku za soko, utakuwa umenisaidia.'"

"Na hukuniambia."

"Haikuwa yako."

Punda wawili wenye mkokoteni wa maji walikuwa wamesimama katikati ya barabara, nikangoja wapite, na labda kule kungoja ndiko kulikonitoa maneno ambayo mtu wa umri wangu huona aibu kuyasema. "Mimi sijakunyima kitu, Nau," nikamwambia.

Aligeuka akanitazama, nadhani kwa sababu ya lile neno. "Hujaninyima," alisema. "Umenipa tangi ya maji. Umenipa simu. Daktari unalipa wewe. Hata hii sweta ni yako. Lakini tangu umalize shule hujawahi kuniomba kitu. Yule aliniomba kila wiki."

Nimeyafikiria maneno hayo tangu siku hiyo, na kila nikiyafikiria wivu wangu unabadilika sura lakini hauondoki. Sisi tulioondoka kwenda kutafuta maisha kwenye miji ya kando ya barabara kuu tumejifunza namna moja tu ya kuwapenda wazazi wetu, nayo ni kutuma. Tunatuma kwa simu, tunatuma kwa jirani anayerudi nyumbani, tunatuma kwa boda boda kutoka stendi. Tukikutana sisi kwa sisi tunaulizana nani amemjengea mama nyumba ya mawe. Na wao wanapokea, wanashukuru, wanatuombea. Mtu aliyeendesha lori lililosheheni kwenye mteremko wa mvua na kulifikisha salama, aliyesikia tairi linataka kupasuka kabla halijapasuka, leo kazi yake ni kupokea. Tumewafanya wageni wa heshima kwenye maisha yetu. Mgeni wa heshima haulizwi kitu wala hapewi jembe. Anakalishwa kwenye kiti kizuri mpaka wakati wake wa kuondoka ufike. Fundi yule, pamoja na viatu vyake vyeupe na uongo wake wa saa nne, alimtoa baba yangu kwenye kiti hicho akamweka kazini. Huenda alifanya hivyo kwa sababu ya shida zake mwenyewe. Haidhuru. Baba alikuwa na mtu ambaye, asipokwenda, kazi yake ingelala.

Majuma machache baada ya mazishi nilikwenda Mutituni siku ya soko. Nilimkuta baba ameketi mlangoni, ameoga, amevaa kofia yake ya kazini, na hana pa kwenda. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia gari langu limeanza kutoa mlio usioeleweka kwenye spika, na kwamba ninahitaji masikio yake. Akanyanyuka mara moja. Aliketi kiti cha mbele, akafumba macho, nikawasha injini, nikawasha redio, nikakanyaga mafuta, nikapunguza sauti, nikapandisha. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akafumbua macho.

"Hii gari haina kitu," alisema. "Usinichezee. Mimi si mtoto."

Nilizima injini. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na nia njema, na nikaona kwamba hiyo ingekuwa zawadi nyingine tu ninayomletea. Basi nikamwambia jambo lililokuwa likinikosesha usingizi, ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na ambalo nanyi wasomaji mnalisikia sasa. Ofisini wametuita wenye umri wangu, wakatuambia mwaka ukiisha tutaondoka. Sijui nitakuwa nani nisipokuwa naenda kazini. Nikamwuliza yeye alifanyaje ile asubuhi ya kwanza alipoamka na hakukuwa na lori linalomngoja.

Baba alishusha kioo cha dirisha, akatazama nje kwenye mahindi yake.

"Mke wako anajua?"

"Bado."

"Mwambie leo, ukifika. Mimi nilikaa na hiyo maneno mwezi mzima. Nilikuwa navaa asubuhi nikitoka kama naenda kazi, nakaa kule nyuma ya soko mpaka jioni. Mama yako akaja kuisikia kwa watu. Hakunisemesha vizuri kwa siku nyingi, na alikuwa na haki." Akanigeukia. "Hukujua hiyo."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Haya, ingia ndani nikueleze yote. Iko mengi."

Alinieleza mpaka chakula cha mchana kikapoa mezani. Alinieleza aibu, alinieleza jinsi mikono ilivyokuwa ikimwuma kwa kukosa kazi, alinieleza makosa aliyofanya ambayo hataki niyarudie, na alipokuwa akieleza uso wake ulikuwa ule ule niliouona kwenye pikapu, uso wa mtu anayehitajiwa. Nami nilikuwa tena kwenye benchi, kama siku ile karakana, nikisikiliza, na safari hii hakuna mtu aliyenikalisha pale.

Siwezi kusema kwamba nimeacha kumwonea marehemu wivu. Alipata miaka mingi ya baba yangu ambayo mimi ningeweza kuipata kwa kufungua mdomo tu, na miaka hiyo hairudi. Lakini nimejua sasa ni kitu gani hasa nilichokuwa nikimwonea wivu. Alikuwa na upungufu, akakubali mtu mwingine auone, akamwomba amsaidie. Mimi nilikuwa na upungufu wangu nikaufunika kwa matangi ya maji na masweta. Kama bado una mzazi, au mtu yeyote aliyekulea, wiki hii usimtumie kitu. Nenda mikono mitupu, na shida yako ya kweli, ile ambayo hujui utaitatuaje, umwombe akusaidie.